Mtoto wa mbwa akisusa ugali wake: tafuta sababu kabla ya kumbembeleza

Jana alimaliza bakuli kabla hujageuka. Leo ananusa ugali wake wa dagaa, anageuza shingo na kwenda kujilaza chini ya mkorosho. Mwenye mbwa akiona hivyo hukimbilia jikoni: leo anaongeza mchuzi, kesho nyama, keshokutwa maziwa. Siku ya nne anavuna moja kati ya mawili. Ama ana mbwa aliyejifunza kwamba akisusa analetewa kitamu zaidi, ama ana mbwa mgonjwa aliyepotezewa siku tatu za matibabu. Hilo la pili ndilo linaloua.

Kwa hiyo usibadilishe kitu bakulini kwanza. Chukua kipande cha samaki aliyechemshwa bila chumvi, kisicho na miba, kikubwa kama korosho moja iliyobanguliwa, kiwe vuguvugu. Kiweke chini mbele yake, mahali alipozoea kulia, bila watoto kumzunguka, kisha rudi nyuma hatua mbili utazame.

Akikibugia na kutafuta kingine, tumbo linataka chakula. Kasoro iko kwenye ugali, kwenye bakuli au kwenye mazoea mliyomlea nayo. Akikifuata, akakitia mdomoni kisha akakitema, au akawa anatafuna upande mmoja huku kichwa kimeinama, shida iko mdomoni au kooni. Asipokitazama kabisa, mchukulie kuwa ni mgonjwa. Jaribio hili la dakika moja ndilo litakalokuambia uanzie wapi katika maelezo yanayofuata.

Muda unaoruhusiwa kusubiri

Mtoto wa mbwa hana akiba mwilini kama mbwa mkubwa. Aliye chini ya miezi mitatu asipokula kwa muda wa saa 12, usingoje zaidi; na kama ni wa mbegu ndogo, au amekonda, saa 6 hadi 8 zinatosha sukari yake ya damu kushuka. Dalili zake ni kulegea, kutetemeka, kutembea kama mlevi, fizi kuwa za baridi. Hapo paka asali au maji ya sukari, nusu kijiko cha chai, kwenye fizi kwa kidole, usimmiminie kooni, na uanze safari ya kwa mtaalamu wa mifugo palepale. Wa miezi minne na kuendelea, akiwa anacheza, anakunywa maji na anajisaidia kawaida, unaweza kumwangalia kwa siku moja nzima.

Siku hiyo moja inafutika ukiona lolote kati ya haya: anatapika zaidi ya mara mbili, anaharisha, kinyesi kina damu, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, fizi zimepauka au zimekuwa za njano, anapumua kwa shida, au ameacha maji pia. Fizi zipime hivi: inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pawe peupe, achia. Rangi ya waridi irudi kabla hujamaliza kutamka “moja, mbili”. Ikichelewa, mwili umeishiwa maji au damu haizunguki vizuri. Kwa ngozi, ivute juu ya mabega na uiachie: ikibaki imesimama kama hema, maji yamepungua. Mbwa mwenye fizi nyeusi, na wa kienyeji wengi wanazo, mtazame utando wa ndani wa kope ya chini.

Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, juu kidogo ya la binadamu, kwa hiyo kumshika masikio na kusema “ana homa” si kipimo. Kipimajoto cha kidijitali kutoka duka la dawa kinatosha: kipake mafuta ya mgando, kiingize njia ya haja kubwa sentimita 2, subiri kilie. Zaidi ya 39.5 ni homa. Chini ya 37.5 kwa mtoto wa mbwa ni hatari vilevile. Kiandike jina, kisirudi kabatini kwa watu.

Kabla hujaingiza mkono mdomoni

Hili linakaa peke yake kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mbwa mwenye kichaa, hasa kichaa cha kimya, hufanana sana na mbwa aliyekwamwa na mfupa: taya la chini limelegea, udenda unamtoka, anataka maji lakini hawezi kumeza, sauti imekuwa ya kukwaruza. Mwenye huruma anamfungua kinywa ili autoe mfupa, na mate yanaingia kwenye mchubuko wa kidole. Umri mdogo haumkingi mbwa na kichaa.

Jiulize maswali matatu. Amechanjwa kichaa? Katika miezi michache iliyopita amewahi kung’atwa, au kupotea na kurudi na jeraha? Tabia yake imegeuka, mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa wa kujificha gizani? Kama jibu moja linakutia shaka, mfungie mahali asipofikika, usimguse, na mwite afisa mifugo wa kata. Aliyeng’atwa, au aliyeguswa na mate kwenye mchubuko, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona mbwa atafikia wapi.

Ugali wenyewe

Tukirudi kwa yule aliyebugia samaki. Tuanze na unga, maana hapa pwani ya Mtwara unyevu hauna likizo. Mbwa wengi hupikiwa kile kilichobaki: pumba za mashineni, unga wa dona uliokaa chini ya gunia, au mahindi yaliyonyeshewa ambayo watu wenyewe wameyakataa. Huko ndiko sumukuvu inakokaa. Ni sumu ya ukungu, haionekani kwa macho, na kupika hakuiui hata ugali ukae motoni saa nzima. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo haraka zaidi. Ini ndilo linaloharibika: mbwa anaanza kwa kususa, halafu anatapika, macho na fizi yanageuka manjano, mwishoni anatoka damu. Kwa hiyo mbwa aliyekuwa anakula vizuri akigoma siku mlipofungua gunia jipya, msikilize.

Chota unga konzi moja, uloweshe kwa maji ya moto kidogo, unuse. Harufu ya uvundo, uchachu au udongo mbichi, mabonge yaliyoshikana, rangi ya kijani au kijivu, yote hayo ni sababu ya kuutupa. Usiwapelekee kuku, usiwauzie wapika pombe, fukia. Lakini kumbuka kwamba unga usio na harufu nao unaweza kuwa na sumu, hivyo kinga ni kwenye kuhifadhi: gunia likae juu ya chaga la mbao, mbali na ukuta, na ununue unga au pumba za wiki mbili tu, si za miezi mitatu, hasa wakati wa masika. Pumba ndizo mbaya zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda la punje.

Kisha dagaa. Dagaa wa baharini wanaouzwa Feri, Mikindani na kando ya pwani hadi Kilwa mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa mbwa chumvi hiyo ni nyingi. Waloweke kwenye maji vuguvugu saa 2, mwaga maji, suuza mara tatu mpaka mchanga uishe kutua chini ya beseni. Mchanga humfanya mtoto wa mbwa akatae kutafuna, na ukizidi tumboni humfungia choo. Dagaa waliogeuka rangi ya kutu na kunukia kama rangi ya mafuta, hao mafuta yao yameharibika. Binadamu akiwaungia nyanya na pilipili hajui, pua ya mbwa inajua. Vichwa usivitoe: dagaa mzima na mifupa yake ndiye anayempa mbwa anayekua madini ya chokaa, ambayo ugali karibu hauna.

Angalia na kilichoingia kutoka sufuria ya familia. Mchuzi wa vitunguu haumfai, kwa kuwa kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, kiwe kibichi au kilichoiva. Chakula cha nazi kinachacha upesi mno: wali wa tui uliolala, ukawekwa bakulini saa 4 asubuhi mwezi Januari, adhuhuri umeshaharibika. Mihogo michungu mibichi na maganda yake, hapana.

Kiasi nacho kinadanganya. Mtoto wa mbwa wa kilo 5 mwenye miezi minne au mitano anahitaji kwa siku nzima kama gramu 250 za ugali uliopikwa, bonge la ngumi moja kubwa, pamoja na gramu 50 za dagaa wakavu, konzi mbili hivi, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula. Yote hayo yagawanywe mara tatu. Ukimwekea ukoko wa sufuria nzima akaacha nusu, hajasusa, ameshiba. Na kuanzia miezi mitano au sita kasi ya kukua hupungua, na hamu ya chakula hupungua nayo. Mpime kila wiki badala ya kubahatisha: mtie kwenye mfuko imara, mtundike kwenye mizani ya kuning’iniza ile ya kupimia korosho, au panda mizani ukiwa umembeba kisha utoe uzito wako. Uzito unaopanda hauna neno. Unaoshuka kwa mtoto wa mbwa, hata kwa nusu kilo, una neno.

Bakuli na saa

Watu huhangaika na chakula kumbe shida ni chombo. Bakuli la plastiki lenye mikwaruzo hushika mafuta ya samaki, na kifuu cha nazi ndiyo kabisa. Vyote hunuka uvundo hata vikiwa vikavu. Tumia la bati au la chuma, lioshwe kwa sabuni na majivu kila baada ya mlo, na liwe lake peke yake. Katika nyumba zetu nyingi chombo cha mbwa hakichanganywi na vya watu, na kwa kuwa hakiingii kwenye karai la vyombo vya familia, ndicho kinachosahaulika kuoshwa.

Sisimizi. Mtoto wa mbwa akiumwa mdomo mara mbili na sisimizi waliojaa bakulini, siku ya tatu haji karibu, na wewe unapofika wadudu wameshaondoka huoni kitu. Weka bakuli katikati ya sinia au mfuniko mpana wenye maji ya kina cha kidole kimoja. Tazama pia nani yuko karibu: jogoo, mbwa mkubwa anayemkodolea macho, mtoto anayemvuta mkia. Mlishe peke yake siku mbili uone tofauti.

Joto la mchana kati ya Novemba na Machi linatosha kumkatisha mbwa hamu. Mlo mkubwa uwe alfajiri, saa 12 hivi kabla jua halijakolea, na mwingine baada ya magharibi; wa mchana uwe mdogo na mwepesi, kwenye kivuli. Akiacha wa mchana na kumaliza wa usiku, hana tatizo.

Kinywa

Ukishajiridhisha kuhusu kichaa, fungua kinywa mkiwa wawili. Mmoja amfunge kwa kanga, miguu ndani, kichwa nje, amkumbatie kwapani. Wa pili ashike taya la juu kutoka juu, kidole gumba upande mmoja na vidole upande wa pili nyuma ya chonge, kisha ashushe taya la chini kwa kidole cha mkono mwingine. Tumia tochi ya simu. Tazama ufizi, paa la kinywa kati ya magego, juu ya ulimi, halafu inua ulimi uangalie chini yake. Huko ndiko uzi na nywele hujifunga.

Kati ya miezi mitatu na nusu na saba, meno 28 ya utotoni yanatoka na ya ukubwani 42 yanaota. Fizi nyekundu, damu kidogo kwenye mfupa anaotafuna, jino linalocheza: hayo ni ya kawaida. Lainisha ugali kwa maji ya dagaa uwe kama uji mzito, umpe ukiwa umepoa, na mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune. Siku nne tano anarudi kwenye bakuli lake.

Mwiba au mfupa uliojipachika kwenye paa la kinywa humfanya ajikune uso kwa kucha na kusugua mdomo chini. Ukiuona wote na ukiwa umelegea, utoe kwa koleo dogo butu. Ukiwa umezama, usivute.

Ndoano ni habari nyingine. Kwenye fukwe za Msangamkuu na Mikindani mtoto wa mbwa humeza chambo na ndoano yake. Ukiona mshipi unatoka mdomoni na kuelekea kooni, usiuvute hata kidogo, maana unaikaza ndoano ndani. Ukate ukibakiza sentimita 20 nje, uufunge kwenye kola ili asiumeze, na umpeleke. Pwani hiyohiyo kuna bunju anayetupwa na wavuvi. Sumu yake haiishi kwa kukauka wala kwa kupikwa. Mbwa aliyemla hulegea miguu ya nyuma, hutoa mate, kisha pumzi hukata. Hakuna dawa ya nyumbani. Ni kumkimbiza kwa mtaalamu tu.

Halafu kuna jambo ambalo mbwa wa mikoa isiyo na korosho hawalijui. Kuanzia Oktoba mikorosho inadondosha, na mtoto wa mbwa anayeota meno anatafuna kila kitu, zikiwemo korosho ghafi na maganda yake. Ganda lina mafuta makali, yaleyale yanayowababua mikono wabanguaji. Utaona midomo imevimba, malengelenge kwenye ulimi, mate yanachuruzika, na mbwa anayeusogelea ugali kwa hamu kisha anaruka nyuma ukimgusa ulimi. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Osha midomo na kidevu kwa nje kwa sabuni laini na maji mengi, kisha suuza kinywa kwa maji safi, kichwa kikiwa kimeinamia chini ili maji yatoke nje na yasiingie kooni. Rudia mara tatu nne. Usimpake mafuta wala kumpa maziwa “kuzimua”. Kwa siku kadhaa mpe uji wa mchele uliopoa na samaki aliyesagwa, bila chumvi. Vidonda vikiwa vingi, au asipomeza maji, mpeleke.

Msimu huohuo mabibo yanayochacha chini ya miti, na makapi ya uraka, pombe ya mabibo, humlewesha mbwa kama yanavyomlewesha mtu, ila yeye ni kilo 5. Wakati wa kupuliza salfa, kati ya Juni na Agosti hivi, mfungie nyumbani siku ya kupuliza. Vumbi lake huwasha macho, pua na kinywa, na analilamba kutoka kwenye manyoya. Akirudi nalo, mpanguse kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo umwogeshe. Mvua zikianza, chura: mbwa akimng’ata hutoka povu papo hapo. Suuza kinywa kwa njia ileile ya kichwa chini. Akitetemeka au akianguka, ni dharura.

Tumbo na damu

Asiyetazama hata kipande cha samaki, mara nyingi ana moja kati ya matatu.

Minyoo. Mtoto wa mbwa huipata kwa mama yake hata kabla hajaona jua. Tumbo kubwa, mbavu zinahesabika, manyoya makavu, kikohozi kidogo, na kinyesi chenye nyuzi kama tambi au vipande kama punje za mchele. Dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Dawa ya pirante inashughulikia minyoo ya mviringo na safura. Tegu anayeletwa na viroboto anahitaji praziquantel, na usipoua viroboto anarudi. Dozi ni kwa kilo, ndiyo maana mizani ni muhimu. Sindano ya ng’ombe ya ivermektini “kwa kukadiria” imewamaliza watoto wa mbwa wengi, na dawa ya josho iliyochanganywa kikali nayo hivyo: mbwa aliyeogeshwa jana, leo anatoka mate, anatetemeka na hali chakula, amejilamba sumu. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi mara moja, na chupa ya dawa uibebe uende nayo.

Parvo. Hukamata hasa kati ya wiki 6 na miezi 6. Siku ya kwanza ni kususa na kunyong’onyea tu, ya pili kutapika, ya tatu kuharisha damu yenye harufu kali ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Dawa ya kuua kirusi hiki haipo. Mbwa anaokolewa kwa maji ya mshipani na uangalizi, na kila saa ina thamani. Mtenge na mbwa wengine. Kirusi hukaa kwenye udongo kwa mwaka na zaidi, kwa hiyo sakafu na bakuli vioshwe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ikae dakika 10. Usilete mtoto mwingine wa mbwa kwenye uwanja huo kabla hajakamilisha chanjo. Chanjo ya mchanganyiko huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Moja haitoshi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mbwa aliyechanjwa jana akipunguza kula kwa siku moja au mbili, hilo linapita.

Kupe. Chunguza ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Homa ya kupe humwacha mbwa anakula nusu, analala sana, fizi zinapauka, tezi chini ya taya zinavimba, pengine damu puani. Inatibika, lakini kwa vidonge vya wiki kadhaa vilivyoandikwa na mtaalamu, na watu huacha siku ya tano mbwa akianza kuchangamka. Inarudi.

Dawa za maumivu za watu, parasetamo, ibuprofeni, diklofenaki, usimpe yoyote. Hakuna “robo ya kidonge” iliyo salama ukiipima kwa jicho.

Akiwa mzima, ila anadeka

Fizi nzuri, anacheza, hatapiki, choo kizuri, na kila kitu kitamu anakila isipokuwa ugali. Huyu ana zaidi ya miezi minne? Basi fanya hivi. Weka bakuli, ondoka. Usimwite, usimlishe kwa vidole, usimbembeleze. Baada ya dakika 20 liondoe, hata kama amekula kidogo, na usimpe kitu mpaka mlo unaofuata. Maji tu yawepo muda wote. Mlo unaofuata ni ugali uleule uliopikwa upya, uwe vuguvugu, si uleule wa asubuhi. Wengi hurudi kwenye mlo wa pili au wa tatu. Ikipita siku nzima hajagusa, si deko tena, rudi mwanzo.

Mpango huu haufeli kwa sababu ya mbwa, unafeli kwa sababu ya nyumba. Bibi anamrushia mkia wa samaki, kijana anampa andazi, jirani ana mabaki. Waambie wote, na jirani umwambie kwa adabu: “Shikamoo mama, tunamzoesha mbwa wetu kula nyumbani, naomba akija usimpe kitu kwa siku tatu hizi.” Jike akikaribia joto la kwanza, miezi 6 hadi 12, hula kidogo kwa siku kadhaa, huyo muache.

Mbwa mgeni, aliyeletwa juzi kutoka Masasi au Nachingwea akiwa ndani ya boksi la basi, anaweza kukaa siku moja na chembe kidogo tu tumboni. Uliza alikotoka alikuwa akila nini, mpe hichohicho siku tatu, ndipo uanze kuchanganya.

Chakula cha kumrudisha

Kwa tumbo lililovurugika lakini limeacha kutapika kwa muda wa saa 6: pika mchele mpaka uwe bokoboko, vikombe 2 baada ya kuiva, na nyama ya kuku bila ngozi wala mifupa, au samaki mweupe kama changu aliyetolewa miba yote, kikombe 1. Hakuna chumvi, kitunguu, nazi wala mafuta. Ponda kwa mkono ukipapasa miba mara mbili. Mara ya kwanza huipati yote. Mbwa wa kilo 5 aanze na vijiko 2 vya chakula kila baada ya saa 3. Visipotapikwa, siku ya pili vijiko 4, siku ya tatu mlo wa kawaida wa chakula hicho. Kisha changanya na ugali wake: robo kwa siku mbili, nusu kwa siku mbili, robo tatu kwa siku mbili. Ukiruka hatua, anaharisha, na utadhani ugonjwa umerudi.

Maji: pakiti ya ORS, chumvichumvi ya kuharisha ya dukani, kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, au vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu. Mpe kijiko kimoja cha chakula kila dakika 15, alambe mwenyewe. Ukitumia bomba la sindano bila sindano yake, ingiza pembeni mwa shavu, kichwa kisiinuliwe juu, mililita 1 au 2 kwa wakati. Kumjaza kwa nguvu hupeleka maji kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo ni mbaya kuliko njaa yenyewe.

Ukimpigia afisa mifugo

Maelezo ya “mbwa wangu hali” hayamsaidii. Andika ujumbe wa namna hii kabla ya kupiga, usahihishe kulingana na mbwa wako:

“Habari za kazi, daktari. Nina mbwa dume wa miezi minne, kilo 6. Hajala tangu jana saa 1 jioni. Maji anakunywa kidogo. Ametapika mara 2, povu la njano. Choo cha leo laini, hakina damu. Joto 39.8. Fizi zimepauka. Chanjo ya mchanganyiko amepata moja, ya kichaa bado. Dawa ya minyoo mwezi uliopita. Juzi tulifungua gunia jipya la pumba, na alikuwa shambani kwenye korosho.”

Mpigie picha fizi, matapishi na kinyesi. Chukua na kinyesi kibichi, kijiko kimoja cha chai, ukitie kwenye kichupa safi chenye mfuniko, ukiandike saa na tarehe, kikae kwenye kivuli, kifike siku hiyohiyo. Mtwara kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, na afisa wako atakuambia kama kinahitaji kupelekwa huko. Na chota konzi moja ya ule unga au zile pumba, uzifunge kwenye karatasi ya kaki, si ya nailoni, zisije zikavunda zaidi njiani.